Risasi za Bei Nafuu za Kuwindia Kulungu: Ncha Laini, Ncha ya Plastiki, za Kuungwa au Shaba Tupu?

Visanduku vinne viko mezani. Vyote ni kaliba (kipimo cha mtutu na risasi yake) .308 Winchester, vyote vina vichwa vya greni 150, karibu gramu 10, na vyote vina picha ya dume la kulungu aliyeinua pembe kama anapigwa picha ya harusi. Cha kwanza kinauzwa karibu nusu ya bei ya cha nne. Anayeanza kuwinda hujiuliza swali lilelile: hiki cha bei ya chini kitafanya kazi, au nitakuja kujuta nikiwa nimepiga magoti kwenye majani natafuta tone la damu?

Kwa kulungu, vyote vinne vinaweza kufanya kazi. Kinachobaki ni kujua kila kimoja kinakudai nini, kwa sababu kila kimoja kinadai kitu.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Kiswahili kimeibebesha risasi mizigo mitatu. Ni madini, yale mazito ya kijivu, na hiyo ndiyo maana ya asili tuliyoipokea kutoka Kiarabu. Ni kile kitu kizima kinachoingia kwenye chemba, yaani ganda, fataki inayowasha, baruti na kichwa. Tena ni kile kichwa peke yake kinachotoka mtutuni. Ndiyo maana mtu anaweza kusema "risasi isiyo na risasi" akiwa na akili zake timamu. Hapa risasi ni kitu kizima, kichwa ni kile kinachoruka, na madini nitayaita madini ya risasi.

Kulungu ninayemsema ni wa ukoo wa ayala, anayedondosha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Si pongo wala swala. Ukoo wenyewe ni mpana: yule mdogo wa Ulaya aitwaye roe ana kilo 20 hadi 30, dume la mkia-mweupe wa Marekani aliyekomaa mara nyingi huwa kati ya kilo 60 na 130, na dume la ayala mwekundu anaweza kupita kilo 200. Hawa wawili wa kwanza hawana ngozi ngumu wala mifupa minene. Hilo litaokoa pesa zako nyingi, kama tutakavyoona.

## Kisanduku cha tano, kinachoondoka mezani

Pembeni huwa kuna kisanduku cha bei ya chini kuliko vyote: koti zima, kichwa kilichovikwa shaba mpaka puani. Usikipeleke porini. Kinapita mwilini kama sindano ya kushonea magunia, kinaacha tundu jembamba, na mnyama anakwenda kufia mbali kwa mateso. Sheria za sehemu nyingi zinakikataa. Huko England na Wales, sheria ya kulungu ya 1991 inataka kichwa chenye pua laini au tundu puani, yaani kinachochanua (kufunguka na kupanuka) kikiingia mwilini. Kihoja chake ni kwamba Azimio la Hague la 1899 liliwakataza wanajeshi vichwa vinavyochanua. Kinachokubaliwa vitani kinakatazwa porini, na kinachokatazwa vitani ndicho porini kinachotakiwa.

Vichwa vya mashindano ya shabaha navyo viache huko huko. Vinalenga vizuri, lakini havikutengenezwa kuchanua kwa namna ya kuaminika.

## Tunapima nini

Tuanze na bei, kwa kuwa ndiyo iliyotuleta. Bei iliyobandikwa kwenye kisanduku inadanganya. Msimu mzima mwindaji wa kulungu hufyatua risasi mbili tatu kwa mnyama. Nyingine zote huishia kwenye karatasi. Mimi huhesabu visanduku vitatu, risasi 60, kabla sijasema naijua risasi fulani ndani ya bunduki yangu. Ishirini hivi ni za kurekebisha darubini na kuona matundu yanakusanyika wapi. Thelathini ni za kujizoesha nikiwa nimekaa, nimepiga goti, nimeegemea mti, maana porini hakuna meza. Kumi zinafungiwa kwa ajili ya msimu. Kwa hiyo tofauti yoyote ya bei unayoiona dukani izidishe kwa tatu. Anayenunua kisanduku kimoja cha ghali, akapiga risasi nne kwenye karatasi na kwenda porini na 16 zilizobaki, amelipa pesa nyingi kwa kitu asichokijua.

Na usidhani greni 150 ni greni 150. Nakumbuka asubuhi moja uwanjani, bunduki ileile, mfuko uleule wa mchanga, karatasi kwenye mita 100. Risasi tatu za kisanduku cha kwanza ziliacha matundu ambayo kizibo cha chupa kingekaribia kuyafunika yote. Nikabadilisha kisanduku: kaliba ileile, uzito uleule, kiwanda kingine. Matundu matatu yakakaa pamoja vizuri vilevile, ila sentimita sita kushoto na tatu chini. Hakuna risasi mbovu hapo. Darubini ilikuwa imewekwa kwa ile ya kwanza, basi.

Cha pili ni mwilini: kichwa kinachanua kiasi gani na kinapenya kiasi gani. Mambo haya mawili yanavutana. Kichwa kinachochanua haraka hupoteza mwendo haraka, kama mwavuli uliofunguliwa dhidi ya upepo. Kisichochanua sana hupita upande wa pili na kubaki na nguvu ambayo mnyama hakuipata. Unatafuta pa katikati, ukijua kwamba tundu la kutokea ndilo hasa linalomwaga damu ya kufuatilia.

Cha tatu ni mwendo. Watu huuliza "inafika mita ngapi", wakati kichwa hakijui mita, kinajua kasi. Kichwa cha kawaida chenye kiini cha madini ya risasi huhitaji kama mita 550 kwa sekunde ili kichanue sawasawa, na cha shaba tupu kama mita 600. Sasa linganisha. .308 yenye ncha laini ya greni 150 hutoka mtutuni kwa takriban mita 860 kwa sekunde, na kwenye mita 275 bado ina kama 610. Kaliba kongwe iitwayo .30-30, kwa uzito huohuo, hutoka na kama 730, na kwenye mita 180 imeshuka chini ya 500. Uzito ni mmoja, ila hizo ni dunia mbili.

Cha nne ni nyama: kiasi kinachovilia damu na kutupwa, na kama kuna vipande vya madini vilivyobaki ndani. Cha tano ni bunduki yako yenyewe, ambayo mara nyingine hukuamulia kabla hujafungua mkoba.

## Ncha laini ya kawaida

Huyu ni mzee wa kazi. Kiini cha madini ya risasi, koti la shaba pembeni, na pua iliyoachwa wazi. Sugua pua hiyo kwenye karatasi nyeupe, itaacha mstari wa kijivu kama penseli. Nawa mikono baadaye. Remington Core-Lokt imekuwepo tangu 1939. Wenzake wa aina hiyo ni Winchester Power-Point, Federal Power-Shok na Hornady InterLock. Kila kiwanda kina ujanja wake wa kushikilia kiini kisichomoke kwenye koti, pete kwa ndani au koti lililonenepeshwa kuelekea kitakoni, lakini wazo ni moja.

Bei. Ya chini kuliko zote nne, na hupatikana kwa karibu kila kaliba. Zikiadimika sokoni, hizi ndizo huwa za kwanza kurudi.

Mwilini. Zinachanua mapema na kwa upana. Nimewahi kutoa kichwa kimoja chini ya ngozi ya upande wa pili wa mnyama. Shaba ilikuwa imejikunja nyuma kama ndizi iliyomenywa, madini ya katikati yamekuwa bapa, na kwenye mizani kilibaki na kama theluthi mbili ya uzito wake. Kilipita mbavu, mapafu yote mawili, mbavu tena, kikaishia hapo. Mnyama alikwenda hatua chache akalala. Huo ndio udhaifu wa ncha laini na ndiyo sifa yake: nguvu yote ilibaki ndani, ila tundu la pili halikuwepo. Angekimbilia kwenye vichaka, damu ya kufuata ingekuwa kidogo.

Inapoharibu ni pale mambo matatu yanapokutana: bunduki ya kaliba yenye kasi kubwa mno, mnyama yuko karibu sana, na kichwa kinagonga mfupa mnene wa bega. Hapo kinaweza kusambaratika kabla ya kufika ndani.

Mwendo. Zinachanua hata kwa kasi ya chini. Kwa sababu pua yake si kali, upepo na hewa huipunguza kasi upesi. Mpaka mita 200 hivi mwindaji wa kawaida hataona tofauti kubwa.

Nyama. Mbavuni, hasara ni ndogo. Begani, utatupa. Na vipande vya madini ya risasi hutawanyika. Picha za eksirei za wanyama waliopigwa hivi huonyesha chembe ndogo mbali na njia ya kichwa, nyingine zisizoonekana kwa macho wala kuhisiwa kwa kidole. Kata pana kuzunguka jeraha na usione huruma na hicho kipande, hasa kama nyama italiwa na watoto au mama mjamzito. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Bunduki. Karibu zote. Ukiwa na bunduki ya wenzo (ya kukoki kwa mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio) yenye magazini ya bomba chini ya mtutu, hii ndiyo aina yako ya msingi, ila lazima pua iwe bapa. Humo risasi zimelala kichwa kwa kitako, na pua kali ikiegemea fataki ya mwenzake, mshtuko wa bunduki ukipiga teke unaweza kuilipua. Katika magazini za kawaida, ubaya wake ni kwamba pua laini hubonyea kwa kugongwa gongwa. Haipendezi, lakini kwa umbali wa kawaida haipotezi shabaha.

Inamfaa anayewinda msituni, anayelenga mapafu na kusubiri mnyama asimame ubavu, na kila anayetaka kupiga risasi nyingi za mazoezi.

## Ncha ya plastiki

Chukua ile ya kwanza, funika pua kwa ncha kali ya plastiki. Nosler Ballistic Tip ndiyo iliyozisambaza kuanzia 1984. Hornady SST inajulikana sana pia.

Bei. Hatua moja juu ya ncha laini. Hapa ndipo watu wengi hulipa zaidi kwa sababu kinapendeza kukitazama. Kwa kweli kinapendeza.

Mwilini. Ile plastiki si pambo. Kichwa kikigonga, inasukumwa nyuma kama kabari na kupasua koti kutoka ndani, kwa hiyo kuchanua ni kwa papo hapo na kwa nguvu. Ukipiga mapafu, mnyama huanguka haraka mno. Ukipiga bega kwa karibu, hatari ya kusambaratika ni kubwa kuliko ya ncha laini.

Mwendo. Hapa ndipo inapojilipa. Umbo lake refu na kali hupasua hewa vizuri, kasi haishuki haraka, upepo hauisukumi sana. Kwenye uwanda wazi, kwa mwenye uwezo wa kweli wa mita 250 au 300, faida hiyo inaonekana. Kwa anayewinda kwenye miti ambako huwezi kuona hata mita 80, amelipia kitu ambacho hatakitumia.

Nyama. Ndiyo yenye hasara kubwa zaidi katika hizi nne ukikosea mahali pa kulenga. Upande mzima wa bega unaweza kuvilia damu ukawa kama jeli nyeusi. Chembe za madini nazo ni nyingi.

Bunduki. Zile za kukoki kwa komeo (bolt action) huipenda, na ncha haibonyei magazinini. Kwa magazini ya bomba, ncha ngumu ya plastiki ni marufuku; kuna aina maalumu yenye ncha inayonepa kama mpira, Hornady LEVERevolution, iliyotengenezwa kwa ajili hiyo tu.

Na kuna mtego ambao sijaona ukielezwa vya kutosha. SST ina ncha nyekundu. V-Max ya kiwanda hichohicho, iliyokusudiwa wanyama wadogo waharibifu, nayo ina ncha nyekundu. V-Max imetengenezwa ili ipasuke ikigusa tu. Ukimpiga kulungu begani kwayo, utamjeruhi vibaya juu juu na kumpoteza. Usinunue kwa rangi ya ncha. Soma kisanduku kimekusudiwa mnyama gani, na uwe mwangalifu zaidi na kaliba ndogo kama .243, ambazo vichwa vyepesi vya namna hiyo vimejaa.

Inamfaa mwindaji wa nafasi wazi, mwenye subira ya kulenga nyuma ya bega na si kwenye bega.

## Za kuungwa

Mwaka 1946 John Nosler alikuwa akiwinda huko Kanada, akampiga dume la kulungu mkubwa kuliko wote duniani, aina ya moose, na vichwa vyake vikavunjika bila kufika ndani. Alirudi akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, Partition, kilichoingia sokoni 1948. Kichwa hicho bado kipo na bado ni ghali. Lakini tatizo alilolitaka kulitatua, kiini kutengana na koti, siku hizi lina suluhisho la bei ya wastani: koti na kiini vinaunganishwa vikawa kitu kimoja. Kwa Federal Fusion, shaba hupakwa juu ya kiini kwa umeme, namna vito vya bei nafuu vinavyopakwa dhahabu.

Bei. Hutegemea jina. Zile zilizolengwa kwa wawindaji wa kulungu, Fusion ikiwemo, huwa juu kidogo tu ya ncha laini, mara nyingine chini ya ncha ya plastiki. Zile za wanyama wakubwa zinapaa. Ukitaka aina hii kwa unafuu, kaa kwenye zile za kulungu.

Mwilini. Zinachanua kwa upana wa kutosha lakini hazivunjiki. Mara nyingi kichwa hubaki na zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake, hivyo hupita mfupa na kutokea upande wa pili. Mnyama akiwa amesimama mshazari na wewe huna pembe nzuri, hapa ndipo utulivu ulipo. Upande mwingine wa shilingi: kwa kulungu mdogo wa kilo 25 aliyepigwa mbavuni tu, kichwa kinaweza kupita kabla hakijachanua vya kutosha, naye akakimbia mita nyingi kuliko ulivyotarajia.

Mwendo. Wa wastani. Fusion na zinazofanana nayo huchanua hata kasi ikishuka. Si bingwa wa uwanda mpana, wala si mnyonge.

Nyama. Afadhali kuliko mbili za kwanza, kwa kuwa kichwa hakimwagi vipande vingi. Hakimwagi vingi, sikusema hakimwagi. Madini ya risasi bado yamo.

Bunduki. Hazina makuu. Chagua uzito wa kawaida wa kaliba yako.

Inamfaa mwenye kaliba yenye kasi kubwa anayewinda karibu, mwenye kaliba ndogo anayetaka uhakika wa kupenya, na yule ambaye msimu mmoja anaweza kukutana na mkia-mweupe na siku nyingine ayala mwekundu.

## Shaba tupu

Risasi isiyo na risasi. Kipande kimoja cha shaba chenye tundu puani, ambalo likijaa maji ya mwili hupasuka na kufungua petali, mara nyingi nne. Kiwanda cha Barnes ndicho kilichoipa umaarufu miaka ya 1980 kwa kichwa chake kiitwacho X. Vya mwanzo vililalamikiwa kwa kuchafua mtutu kwa shaba. Tangu toleo lake la TSX la 2003 huwekewa mifereji pembeni ya mwili ili msuguano upungue. Za bei ya kuvumilika zipo, kama Power-Shok Copper ya Federal.

Bei. Mara nyingi mara moja na nusu hadi mara mbili ya ncha laini. Kumbuka kuzidisha kwa tatu.

Lakini katika sehemu nyingine swali la bei halipo. California imekataza madini ya risasi katika uwindaji wote tangu Julai 1, 2019. Ndege wakubwa wala mizoga aina ya condor, waliokuwa wakila mabaki ya wanyama na kufa kwa sumu, walichangia sana katika uamuzi huo. Denmark imekataza vichwa vya madini ya risasi vya bunduki za kuwindia tangu Aprili 2024. Uliza sheria ya unapowinda kabla ya kuuliza bei.

Mwilini. Inapenya kuliko zote na hubaki na karibu uzito wake wote. Tundu la kutokea karibu lipo kila mara. Sasa, usalama: kichwa kinachotoka upande wa pili kinaendelea na safari, na kulungu mara nyingi hayuko peke yake. Angalia kilicho nyuma ya mnyama mara mbili, yule wa pili kwenye kivuli hujitokeza baada ya mlio. Kuhusu kuua, shaba haina lile pigo la papo hapo la ncha ya plastiki. Wanaoitumia kwa muda mrefu wengi huhamisha shabaha mbele kidogo, wavunje mfupa wa bega, na kwa hilo hakuna kichwa kinachoishinda.

Mwendo. Udhaifu wake mkuu. Ikishuka chini ya mita 600 kwa sekunde, aina nyingi huanza kutofunguka vizuri, na shaba isiyofunguka ni koti zima kwa jina jingine. Dawa ni kwenda na kichwa chepesi zaidi kinachokimbia zaidi.

Nyama. Safi kuliko zote. Hakuna madini ya risasi na nyama iliyovilia damu ni kidogo. Kwa familia inayokula mawindo mwaka mzima, kipengele hiki peke yake kinaweza kumaliza mjadala.

Bunduki. Hapa lazima tufanye hesabu ndogo. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba ina karibu 9. Kwa uzito uleule, kichwa cha shaba ni kirefu zaidi, na kichwa kirefu huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi na mifuo ya ndani ya mtutu ili kisiyumbe. Kwa hiyo shuka ngazi moja ya uzito: aliyezoea greni 150 kwenye .308 ajaribu 130, na mwenye .243 aliyezoea 100 ajaribu 80 au 85. Safisha mtutu vizuri kabla ya kuanza kulenga upya. Mitutu mingine huipenda shaba, mingine huikataa katakata, na hakuna wa kukuambia ila karatasi.

Inamfaa anayelazimishwa na sheria, anayejali nyama na mazingira, na mwenye kaliba yenye mwendo.

## Uzito, kwa haraka

Kwa vichwa vya madini ya risasi na kulungu wa wastani: .243 Winchester greni 95 hadi 100; 6.5 Creedmoor 120 hadi 140; .270 Winchester 130; .308 na .30-06 kati ya 150 na 165; .30-30 ni 150 au 170. Kichwa cha greni 180 kinauzwa sana kwa .30-06, ila kwa kulungu mdogo ni kulipia teke la bure. .308 na .30-06 zina vichwa vya kipenyo kimoja, lakini risasi zake haziingiliani. Soma maandishi yaliyo kwenye mtutu, kisha kwenye kisanduku, kisha kwenye kitako cha ganda.

Kujaza risasi mwenyewe nyumbani hupunguza gharama ya kila moja, maana ganda hutumika tena na tena. Vifaa vyake lakini vinahitaji mtu anayepiga nyingi, na mwenye utulivu wa kupima baruti bila simu pembeni. Kwa risasi 60 kwa mwaka, sijaona mtu aliyeokoa chochote.

## Uko wapi wewe?

Unaanza, una .308 au .270, unawinda msituni chini ya mita 150, na pesa si nyingi: ncha laini, visanduku vitatu vya bechi moja. Namba ya bechi huwa imegongwa kwenye kisanduku chenyewe.

Una .30-30 ya wenzo: ncha laini ya pua bapa. Ukitaka kufika mita 180 bila wasiwasi, zile za ncha inayonepa. Shaba tupu uiache, isipokuwa sheria inakulazimisha, na hapo weka mpaka wako mita 100.

Unakaa kwenye ukingo wa uwanda, kulungu hutokea mbali, na umeshajithibitishia kwenye karatasi kwamba mita 250 si bahati: ncha ya plastiki, na bega uliogope.

Una kaliba yenye kasi kubwa na mnyama hujitokeza hatua 40 kutoka ulipo: za kuungwa. Hivyo hivyo kwa mwenye .243 anayetaka kupenya. Na kama umeshaumizwa roho na mnyama uliyemfuata usiku kwa tochi bila kuona damu, jaribu hizi au shaba tupu kabla ya kubadilisha bunduki.

Nyumbani kuna watoto na friza imejaa mawindo: shaba tupu, hata kama mazoezi utafanyia risasi za bei ya chini. Ukifanya hivyo, mazoezi ya kushika bunduki na kufyatua yafanye na hizo za chini, kisha rudisha darubini kwenye shaba kwa risasi kumi za mwisho. Andika kwa kalamu juu ya kisanduku: tarehe, umbali, na matundu yalikaa wapi.

Na kama msimu unaanza kesho asubuhi nawe umetoka dukani leo na kisanduku kipya ambacho hujafyatua hata risasi yake moja, kiache nyumbani. Chukua zile ulizobakiza mwaka jana, hata zikiwa saba.